Asilimia Hiyo Imetoka kwenye Swali Gani? Jinsi ya Kuchambua Tafiti za Afya ya Watu Wazima

Ni watu wazima wangapi hawafanyi mazoezi? Swali linaonekana jepesi, lakini tafiti mbili zinazoheshimika zitalijibu kwa namba zisizofanana kabisa. BRFSS, utafiti wa simu ulioanzishwa mwaka 1984 na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, humuuliza mhojiwa kama katika mwezi uliopita, ukiacha kazi yake ya kawaida, alifanya zoezi lolote kama kukimbia, kushughulikia bustani au kutembea kwa ajili ya mazoezi. STEPS, mfumo wa Shirika la Afya Duniani, hutumia dodoso la mazoezi liitwalo GPAQ, nalo huuliza kuhusu shughuli za kazini, mwendo wa kwenda na kurudi, na wakati wa mapumziko. Mpakia mizigo anayeshinda na magunia mgongoni, kisha jioni akalala, ataandikwa kwenye utafiti wa kwanza kuwa hafanyi mazoezi. Kwenye wa pili atakuwa miongoni mwa wanaoushughulisha mwili kuliko wote. Hakuna aliyedanganya, ila kila utafiti ulikuwa na swali lake.

Kwa hiyo uchambuzi wa data hizi huanzia kwenye dodoso. Kabla ya kufungua programu yoyote ya takwimu, pakua dodoso na kitabu cha misimbo (orodha ya namba zinazowakilisha majibu) vya mwaka uleule wa data yako. Usitumie vya mwaka jana kwa kudhani vinafanana, kwa sababu maswali huongezwa, hupunguzwa na hubadilishwa maneno, na wakati mwingine jina la kigezo, yaani safu ya jibu moja kwenye data, hubaki lilelile ilhali majibu yamepangwa upya.

Baada ya swali, angalia nani aliulizwa. "Mtu mzima" si neno lenye mpaka mmoja. BRFSS huanzia miaka 18 bila kikomo cha juu. STEPS hulenga miaka 18 hadi 69. Utafiti wa GATS kuhusu tumbaku huanzia miaka 15. DHS, tafiti za idadi ya watu na afya, hulenga wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wanaume ambao kikomo chao cha juu hutofautiana nchi kwa nchi. Presha hupanda kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo ukilinganisha kiwango cha wenye presha kutoka DHS na kile cha STEPS, sehemu kubwa ya tofauti utakayoiona inatokana na wazee wasiokuwemo kwenye utafiti mmoja. Kata data zote mbili zibaki na umri wa pamoja, kisha sanifisha kwa umri: tafuta kiwango cha kila rika, kizidishe na sehemu ya rika hilo katika jamii moja ya kigezo (mgawanyo wa umri unaotumika kama kipimo cha pamoja), halafu jumlisha. Shirika la Afya Duniani lina jamii yake ya kigezo ya dunia, na watafiti wa Marekani hutumia sana idadi ya watu wao ya mwaka 2000. Unaweza kuchagua yoyote mradi uitaje na uitumie kwa pande zote mbili.

Kumbuka pia kwamba tafiti hizi ni za watu wanaoishi kwenye kaya. Walioko magerezani, kambini, wodini na kwenye nyumba za kutunzia wazee kwa kawaida hawamo. Ukichunguza ulevi uliokithiri au ulemavu mkubwa, hilo pengo lina uzito wake, na msomaji wako anastahili kuambiwa.

Sasa tuingie kwenye eneo linaloharibu ripoti nyingi kuliko mengine yote: kizio, yaani idadi ya watu unaogawanyia. Madodoso yana maswali ya kuruka. Kwenye BRFSS mhojiwa huulizwa kwanza kama amewahi kuvuta angalau sigara 100 maishani. Akijibu hapana, swali la kama anavuta sasa hivi halimfikii, na safu yake hubaki tupu. Chukua mfano wa kubuni: wahojiwa 1,000, kati yao 400 wamewahi kufikisha sigara 100, na kati ya hao 400, watu 150 bado wanavuta kila siku au siku kadhaa. Anayepiga hesabu kwenye swali la pili peke yake atapata 150 kwa 400, yaani asilimia 37.5, na ataandika kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wanavuta sigara. Jibu sahihi ni 150 kwa 1,000, asilimia 15. Hiyo asilimia 37.5 si takwimu potofu, maana inaeleza waliowahi kuvuta ambao hawajaacha, lakini imebandikwa kwa watu wasio wake. Kinga yake ni kutengeneza kigezo kipya chenye makundi matatu, yaani anavuta sasa, aliacha, hajawahi, ukiwarudisha kwa mkono wale walioruka kwenye kundi la "hajawahi". Kisha jumlisha makundi hayo. Kama jumla haifikii wahojiwa wote ukiondoa waliokataa kujibu na wasiojua, kuna mahali umepoteza watu.

Misimbo nayo ina mitego yake. Swali la BRFSS la siku ambazo afya ya mwili haikuwa nzuri katika siku 30 hupokea jibu la 1 hadi 30. "Hakuna hata siku moja" huandikwa 88, "sijui" 77, na "nimekataa" 99. Tuseme watu sita kati ya kumi walijibu hakuna, na wanne waliobaki wana wastani wa siku 10. Wastani halisi ni siku 4. Ukisahau kugeuza 88 kuwa sifuri, utapata siku 56.8 katika mwezi wa siku 30. Kosa la aina hiyo huonekana haraka. Linalojificha ni la mtu anayefuta 77, 88 na 99 kwa pamoja akidhani zote ni majibu yaliyokosekana. Huyo hubaki na wagonjwa peke yao, anapata wastani wa siku 10, namba inayoonekana ya kawaida kabisa, na ripoti inachapishwa.

Uzito wa mwili na urefu vina mambo yao. Kwenye data hizohizo uzito huandikwa kwa ratili, lakini aliyejibu kwa kilo hutangulizwa tarakimu 9, hivyo 9070 ni kilo 70. Urefu wa 506 ni futi 5 na inchi 6, wala si inchi 506. BMI (uwiano wa uzito na urefu) iliyokwisha kukokotolewa ina nafasi mbili za desimali ambazo hazikuandikwa: 2650 ni 26.50. Kwenye swali la kisukari kuna jibu la pekee kwa mwanamke aliyeambiwa ana kisukari wakati wa ujauzito tu, na jingine kwa mtu aliyeambiwa yuko ukingoni mwa kupata kisukari. Kwa kawaida wote wawili hawahesabiwi kuwa na kisukari, lakini uamuzi huo uandike, usiuache kwenye faili la amri ambalo hakuna atakayelisoma.

Pombe ndiyo kigezo kigumu kuliko vyote kulinganisha. Kinywaji kimoja cha kipimo kwa Marekani ni takriban gramu 14 za kilevi halisi, wakati STEPS hutumia takriban gramu 10. BRFSS humhesabu mtu kuwa alikunywa kupita kiasi akifikisha vinywaji 5 kwa mwanaume au 4 kwa mwanamke kwa mkao mmoja katika siku 30 zilizopita. STEPS huhesabu kuanzia vinywaji 6. Ukigeuza kuwa gramu, ni takriban 70 na 56 upande mmoja, na 60 upande wa pili. Hapo bado hatujazungumzia vyombo: kikombe, kata au chupa isiyo na lebo haijulikani ina vinywaji vingapi mpaka mdodosaji aonyeshe kadi yenye picha za vyombo vinavyotumika mahali hapo, vilivyopimwa kabla ya kazi kuanza. Hata kadi ikiwa nzuri, unywaji unaotajwa kwenye madodoso huwa pungufu ukilinganishwa na pombe iliyouzwa. Kwa hiyo tumia data hizi kulinganisha makundi, usizitumie kukadiria lita.

Kwenye GPAQ kosa la kawaida ni saa na dakika kubadilishana nafasi, "2" ya saa ikaingia kama dakika mbili. Mwongozo unataka kumwondoa mhojiwa aliyetaja zaidi ya saa 16 kwa siku katika shughuli ya aina moja. MET ni kipimo cha nguvu ambayo mwili hutumia ukilinganisha na kukaa tulivu: shughuli nzito hupewa MET 8 na ya wastani MET 4, zikizidishwa kwa dakika za wiki. Kizingiti ni 600, ambacho dakika 150 za shughuli ya wastani hukifikia, au dakika 75 za shughuli nzito.

Tuje kwenye tofauti kati ya kusema na kupimwa. Watu wakiulizwa, kwa wastani huongeza urefu kidogo na kupunguza uzito, na matokeo yake BMI ya kuulizwa huwa ndogo kuliko ya kupimwa. Kwa hiyo unene kupita kiasi unaopatikana kwa simu ni kadirio la chini. NHANES, utafiti mwingine wa Marekani, hupima watu kwenye vituo vinavyohamahama, takriban watu 5,000 kwa mwaka, na STEPS hupima katika hatua yake ya pili (ya kwanza ni dodoso, ya tatu ni damu). Kwa magonjwa, swali la "je, daktari amewahi kukuambia una presha?" halipimi presha. Linapima presha iliyogunduliwa. Eneo lenye zahanati nyingi na wahudumu wanaopima kila anayeingia litaonekana lina wagonjwa wengi kuliko eneo ambako mashine ya presha haipo. Nimeona ramani zilizochorwa kwa swali hili zikitumika kupanga fedha za kinga. Hilo linaniumiza, kwa sababu walioachwa nje ya ramani ndio ambao hakuna aliyewahi kuwapima.

Kupima nako kunataka nidhamu. Mhojiwa wa STEPS apumzike dakika 15, akae miguu ikiwa haijapishana, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Chukua vipimo vitatu, kila kimoja dakika tatu baada ya kingine, na wastani utoke kwenye cha pili na cha tatu. Cha kwanza mara nyingi huwa juu kwa sababu ya wasiwasi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha kipimo, kwa hiyo kila timu ibebe zaidi ya saizi moja. Mwenye 140 juu au 90 chini na kuendelea huhesabiwa kuwa na presha, pamoja na yeyote anayetumia dawa hata kama kipimo chake siku hiyo kilikuwa kizuri. Ukisahau hao wa dawa, tiba inayofanya kazi itaonekana kama ugonjwa usiokuwepo. Kumbuka vilevile kwamba miongozo ya Marekani ya mwaka 2017 ilishusha kizingiti hadi 130 kwa 80. Ripoti isiyotaja kizingiti chake haifai kulinganishwa na yoyote.

Kuna kipimo kidogo cha uaminifu wa data ambacho hakigharimu chochote: angalia tarakimu za mwisho. Kwenye vipimo vya mashine, 0 hadi 9 zinatakiwa zigawane karibu sawa. Mdodosaji ambaye presha zake nyingi zinaishia na 0, au ambaye vipimo vyake vitatu vinafanana kila mara, ama anakadiria ama anajaza akiwa ameketi mahali. Fanya ukaguzi huu jioni ya siku ya kwanza ya kazi, kwa kila mdodosaji peke yake. Ukisubiri mpaka data yote ikusanywe, utakachoweza ni kusikitika tu.

Kuhusu idadi ya watu wa kuhoji, hesabu ya kawaida ni hii. Kwa kiwango cha asilimia 50, kosa la asilimia 5 na uhakika wa asilimia 95 unahitaji watu 384. Zidisha na athari ya usanifu (nyongeza ya kufidia kuhoji watu wa maeneo yaleyale) ya 1.5 upate 576. Gawanya kwa 0.8 ukitarajia watu wanane kati ya kumi wakubali, upate 720. Kama unataka matokeo kwa makundi sita ya umri na jinsia, zidisha kwa sita: 4,320. Wengi husahau hatua ya mwisho, halafu wanataka kutoa takwimu za vijana wa kiume kutoka kwenye watu 90.

Hiyo athari ya usanifu inatoka wapi? Watu wa mtaa mmoja hufanana: hula vinavyofanana, hupumua hewa moja, hutibiwa kituo kimoja. Ukihoji watu 20 kwenye kila klasta (mtaa au kijiji kilichochaguliwa), na mfanano wao ukiwa 0.05 (0 ni kutofanana, 1 ni kufanana kabisa), athari ni 1 + 19 × 0.05, yaani 1.95. Watu wako 1,000 wana taarifa ya watu 513 hivi waliochaguliwa mmojammoja. Kosa la asilimia 3.1 kila upande linakuwa 4.3. Programu ya kawaida isiyoambiwa kuhusu klasta itakupa 3.1 bila kukuonya, na tofauti isiyokuwepo itaitwa tofauti ya kweli.

Uzani wa takwimu ndio unaorudisha sampuli kwenye sura ya jamii. Kwenye kaya ya mtu mzima mmoja, huyo mmoja ana hakika ya kuchaguliwa. Kwenye kaya ya wanne, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne, kwa hiyo atakayehojiwa hupewa uzani mara nne. Bila hivyo, wanaoishi peke yao wanajaa kwenye matokeo. Chukua mfano mwingine wa kubuni: wanawake 800 na wanaume 200, wavutaji wakiwa asilimia 5 ya wanawake na asilimia 30 ya wanaume. Hesabu ghafi inatoa asilimia 10. Kama jamii ni nusu kwa nusu, ukweli ni asilimia 17.5. Sampuli hujaa wanawake hivyo pale mdodosaji anapofika mchana na kumhoji aliyemkuta. Ndiyo sababu mhojiwa huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya watu wazima wa kaya, na kama hayupo timu hurudi jioni au mwishoni mwa wiki, bila kumbadilisha na jirani. Uzani hurekebisha jinsia na umri. Hauwezi kumrejesha mwanaume anayefanya kazi ya usiku kama hakuna hata mmoja wa aina yake aliyehojiwa.

Faili moja huweza kuwa na uzani zaidi ya mmoja. STEPS ina uzani wa hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, kwa kuwa waliokubali kuhojiwa si wote wanaokuja kesho yake asubuhi na njaa kutolewa damu. NHANES ina wa mahojiano, wa vipimo, na wa kundi dogo lililofunga kula. Fuata kigezo chenye watu wachache zaidi kwenye uchambuzi wako: ukiweka sukari ya kufunga pamoja na elimu, tumia uzani wa waliofunga. Kwenye BRFSS uzani ni _LLCPWT, tabaka (kundi ambamo sampuli ilichaguliwa peke yake) ni _STSTR na kitengo cha kwanza cha sampuli ni _PSU. Kwenye programu ya takwimu ya R vyote vitatu huingia kwenye amri ya svydesign, kwenye Stata kwenye svyset.

Ukitaka kundi moja tu, tuseme wanawake wa miaka 40 na kuendelea, usifute wengine kwanza. Tangaza usanifu kwenye data yote, kisha tumia subset juu ya usanifu huo kwenye R, au subpop kwenye Stata. Ukifuta mapema, baadhi ya klasta hutoweka na tabaka hubaki na klasta moja, na kosa sanifu (kipimo cha kuyumba kwa takwimu) ama linapotoka ama halikokotoleki.

Kwenye tafsiri, jihadhari na mwelekeo wa sababu. Mhojiwa ametoa tabia na ugonjwa kwa siku moja. Walioacha sigara mara nyingi huonekana kuwa na afya mbovu kuliko wanaoendelea kuvuta, kwa kuwa wengi waliacha baada ya kuugua. Wasiokunywa pombe huchanganya waliokatazwa na daktari na ambao hawakuionja kamwe. Watenganishe, na pale dodoso lisiporuhusu, andika "inaambatana na", usiandike "inasababisha".

Mwisho ni mwenendo wa miaka na makundi madogo. Mwaka 2011 BRFSS iliingiza simu za mkononi na kubadili njia ya kukokotoa uzani, kwa hiyo usichore mstari mmoja kutoka 2008 hadi 2014, weka pengo. Kwa makundi madogo, kanuni ya BRFSS ni nzuri kuifuata popote: usitoe takwimu kama kizio kina watu chini ya 50, au kosa sanifu likizidi asilimia 30 ya takwimu yenyewe. Kiwango cha asilimia 4 chenye kosa sanifu la 1.5 kinafika asilimia 37.5, kwa hiyo hakipiti. Unaweza kuunganisha miaka. Kwenye NHANES, ukiunganisha mizunguko mitatu ya miaka miwili miwili iliyo baada ya 2002, gawanya uzani kwa tatu. Ila mzunguko uliokatishwa na janga la korona mwezi Machi 2020 una faili lake la pekee na uzani wake, hivyo hauingii kwenye mgawanyo huo rahisi. Seli ikibaki na watu 38 hata baada ya kuunganisha, iache wazi kwenye jedwali na uandike chini yake kwamba idadi haikutosha.